Nafasi Tatu za Washauri

Tangazo niliandika mimi, Varsenik wa chumba namba nane,
bomba la maji moto likikohoa ukutani,
theluji ya Vanadzor ikiingia mjini kimya kama karani aliyechelewa.
"Wanatakiwa wakufunzi watatu, mabingwa wa utumishi wa umma,
waje kuimarisha..."
Hapo kalamu ikagoma.
Kuimarisha nini?
Mkurugenzi Gurgen akasema, andika "mifumo".
Nikaandika mifumo. Neno pana kama koti la kuazima,
humwenea kila mtu, halimsitiri yeyote.

Maombi yalikuja mia moja na kumi na mawili.
Mmoja alituma picha yake kati ya mawaziri watano.
Mmoja alichora ngazi, mishale, duara ndani ya duara;
nikatafuta humo alipo Bibi Haykanush,
anayepanda basi saa kumi na moja alfajiri na kigoda chake cha kukunja
kuja kupanga foleni ya pensheni ya marehemu mumewe.
Sikumwona.

Wa tisa kwenye usaili alikuwa Maret, mstaafu kutoka Tartu,
miaka thelathini nyuma ya dirisha la kupokelea fomu.
Tukamuuliza: utatufundisha nini?
Akanyamaza, akanyamaza hata Gurgen akatazama saa.
Kisha, kwa Kirusi cha kukwaruza:
"Foleni yenu huanzia wapi?"

Alipita kwa kura mbili dhidi ya moja,
na hiyo moja, sifichi, ilikuwa yangu.
Nilishawachoka. Wamepita hapa wengi,
wakaacha vikombe vyenye nembo na vitabu vinene vya mwongozo
tunavyozuilia mlango usibamizwe na upepo.
Mgeni njoo, mwenyeji apone. Haya.
Wageni wakaja, wakaenda zao,
mwenyeji akabaki na homa yake, na kikombe.

Siku ya kwanza Maret alikaa kwenye benchi, na watu.
Siku ya pili alikaa kwenye benchi.
Ya tatu tukampa jembe: funguo za masjala.
Akatoka jioni, vumbi mpaka kwenye nyusi,
mkononi fomu namba kumi na saba.
"Huu mhuri wa tatu," akauliza, "hugongwa wapi?"

Tukatazamana.
Mhuri wa Idara ya Nyumba za Kiwanda.
Kiwanda kilikufa. Idara ikakifuata.
Mhuri alibaki nao Sahak, mlinzi wa jengo tupu,
akautunza nyumbani ndani ya kopo la chai,
na miaka ishirini na sita mji mzima ukawa unamfuata
ghorofa ya nne, lifti mbovu, na mitungi ya jamu ya aprikoti,
naye akigonga kwa mkono mtulivu, hadai hata senti,
mtumishi mwaminifu wa ofisi isiyokuwapo.

Sisi tulicheka. Maret hakucheka.

Kuufuta mhuri kulihitaji saini kumi na moja na miezi minne.
Sahak alilileta kopo mwenyewe, kavaa tai,
akaliweka mezani, asijue mikono aiweke wapi.
Maret akamvutia kiti.
"Huyu ndiye mkufunzi wenu wa pili," akasema.
"Anajua kila mtu wa mji huu anaweza kupanda ngazi ngapi."
Gurgen akakumbusha kwamba tangazo linataka shahada ya uzamili.
Mpaka leo barua ya Sahak iko wizarani;
yeye huja hata hivyo, kila Jumanne, na tai ileile.

Nafasi ya tatu iko wazi.

Juzi Bibi Haykanush alihudumiwa kwa dakika kumi na moja.
Akakunja karatasi zake, akakikunja kigoda,
akakikunjua tena, akakaa.
"Mama, umemaliza," nikamwambia.
"Najua," akasema. "Lakini basi la kurudi ni saa tisa."
Nikateremsha kikombe chenye nembo,
nikakipangusa vumbi,
nikampa chai.